Herini Nilizozitundika Juu ya Meko

Ayuma mjukuu wangu,

Huku Khayega tuko. Mama yako mzima, ng'ombe amezaa, ni magoti yangu tu yaliyogoma. Umeuliza namna ya kutunza herini. Umemuuliza fundi: maishani sijaharibu herini hata moja.

Haya, ni uongo. Niliharibu mbili, zote za marehemu kukhu wako, mke wangu.

Mwaka wa uhuru tulikuwa tumeoana juzi tu. Alinipa herini zake za fedha nimwekee mpaka siku ya kwenda mjini kuona bendera mpya. Nikawaza kama mkulima: mbegu ya mahindi tunaitundika juu ya meko, moshi unaikinga na wadudu. Nikazitundika hapo hapo. Siku ilipofika zilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Sasa wewe, umezipika au umezichoma?" akauliza.

Nilingoja kofi. Akazivaa hivyo hivyo, na wanawake walipomcheka akawajibu, "Ni bwana yangu amenihifadhia."

Baadaye alizisugua kwa majivu laini. Tangu hapo alikuwa akizivua anazifuta jasho, anapitisha kila jozi kwenye matundu ya kifungo kimoja zisipoteane, anazitia mkebeni, mbali na jiko. Nawe fanya hivyo.

Mkebe ninao. Tangu tumzike sijaufungua. Nimechoka. Lakini nilikunyamazia ulipovunja redio ya baba yako, sivyo? Basi nilipe. Ukija Krismasi, zifute wewe. Mimi nitakushikia mkebe.

Guga wako