Twende Marsabit Mwezi Gani?

Shangazi Waruguru mpendwa,

Naomba msaada wako, maana hapa Shauri Moyo kila ninayemwuliza hunicheka kwanza ndipo anijibu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mume wangu Ndambuki ni fundi wa kuchomelea vyuma karibu na Gikomba, ni mtu mzuri, halewi, na anaipenda pikipiki yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Kwa miaka mingi jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Ambaro, mama wa kutoka Marsabit, aliyenilelea watoto nilipolazwa hospitali na mimi nikamlelea wake, mpaka mumewe akastaafu udereva wakarudi kwao, na mwanzoni mwa mwaka jana binti yao Qali akajifungua msichana, na ingawa ana jina lake la dini, nyumbani wanamwita Nthambi, jina langu mimi, Shangazi, habari hiyo ilinikuta kwenye foleni ya maji nikalia mbele za watu.

Basi Ndambuki akasema tutakwenda kumwona mtoto, kwa pikipiki, na twende Pasaka kwa sababu ndipo ana nafasi na kwa sababu, alisema, mvua hutuliza vumbi. Wehliye, mpwa wa Ambaro anayeuza vitambaa Eastleigh, akamwambia, "Baba Mwende, mwezi huu si wa pikipiki." Hakusikia. Tulifika Isiolo salama tukalala, asubuhi askari wa kizuizi cha barabarani akatuambia mbele kumenyesha, mume wangu akamjibu, "Afande, mvua ni maji tu," tukapita, na kumbe kweli yalikuwa maji tu, ila mengi, maana mto ambao siku nyingine ni mchanga mtupu ulikuwa unateremka na matawi ya miti, na Ndambuki akautazama, akavuta pumzi, akaniambia, "Nishike vizuri," akaingia.

Hatukufika katikati. Injini ilimeza maji ikanyamaza, tukaanguka, tukaikokota pikipiki hadi ukingoni tukiwa na matope mpaka kwenye nyusi, tukakaa pale mpaka maji yakapungua na lori la mbuzi likavuka kutoka ng'ambo, likielekea Nairobi, na dereva akamtazama mume wangu akasema, "Mzee, mto huu hata ngamia huuliza kwanza." Tukarudi na mbuzi, pikipiki imefungwa kamba katikati yao, na mmoja akaitafuna sweta ya mtoto niliyoifuma mwenyewe, mkono mzima wa kushoto. Dereva akatushusha mtaani mchana kweupe, watu wanatoka kanisani, na mpaka leo wanaume wa mtaa wakimwona Ndambuki wanalia "mee!"

Tangu siku hiyo nikitaja Marsabit ananiambia ningoje Agosti, Agosti ikaja akasema kuna upepo, Desemba akasema lazima twende Machakos kwa mama yake, na sasa anasema hakanyagi huko mpaka lami ifike. Anasema pikipiki ataiuza, lakini Jumapili nilimkuta nyuma ya nyumba ameifungua injini yote anaipangusa kipande kwa kipande, na ameivisha tairi mpya. Sasa Wehliye ameleta salamu kwamba mwisho wa Julai Qali anahamia Moyale kwa mumewe, pamoja na mtoto, na kutoka Isiolo, Moyale ni mbali kuliko Marsabit karibu mara mbili. Wehliye na mkewe Sahro wanaondoka wiki ijayo na lori la mizigo, safari wanayoifanya kila mwezi, na wana nafasi yangu. Nilipomwambia Ndambuki alisema, "Nenda, lakini wakikuuliza mumeo yuko wapi, sema huna." Shangazi, neno hilo limenichoma. Nipande lori, au nimngoje mtu anayejificha nyuma ya majira? Na mwezi ulio mzuri ni upi, maana kila mtu ana wake?

Nthambi, Shauri Moyo.

*

Nthambi,

Nisamehe, nimecheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni. Kisha nikafika kwenye "sema huna", kicheko kikakatika.

Lori la wiki ijayo liache. Aprili imeshafika, na mto uliowaangusha ninyi huzuia hata malori. Utakwama ukingoni na Sahro, na nyumbani umemwachia mumeo neno baya alifuge.

Kuhusu mwezi, jirani zako wanakuchagulia kwa likizo zao. Anza na barabara, halafu mwenyeji. Aprili na Mei ni matope, Novemba vilevile. Februari barabara ni kavu, lakini wengi wameenda mbali na mifugo yao kufuata maji. Utamkosa Ambaro, au utamkuta hana maziwa ya kukukaribishia, naye ataaibika bure. Agosti mumeo alisema kweli: upepo wa tambarare humyumbisha mwenye pikipiki kama mlevi. Nendeni katikati ya Juni. Mvua imekwisha, udongo umekazana, vumbi bado kidogo, nyasi zipo, ngamia wana maziwa, na Qali hajahama. Chukueni makoti, mlima wa Marsabit una ukungu asubuhi.

Sasa mumeo. Unadhani anaogopa mto. Anaogopa "mee". Mtu anayeuza pikipiki haivishi tairi mpya, mama! Anatamani safari hii kuliko wewe, ila hajui atapitaje mtaani watu wakimtazama. Na wewe umeuliza mtaa mzima, kila ukiuliza unawakumbusha wale mbuzi. Koma kabisa. Mwandalie chai, watoto wakiwa nje, umwambie, "Baba Mwende, sitaki kufika kwa Ambaro bila wewe. Twende Juni." Hapo hapo nyamaza. Usihubiri.

Nawe Ndambuki, najua utasomewa haya. Mwanamke aliyekaa nawe kwenye matope na asikulaumu haambiwi aseme hana mume. Lifute neno hilo kwa mdomo wako, leo, kabla hujala.

Mkikubaliana, mtumeni Wehliye na salamu mapema ili Ambaro awe nyumbani, na mizigo itangulie na lori lake. Pikipiki ibebe watu wawili na maji ya kunywa. Ondokeni Isiolo alfajiri, jua likiwa kali mpumzike kivulini. Habari za njia ulizeni dereva aliyetoka huko siku hiyo hiyo, na mkiambiwa rudini, rudini bila ubishi.

Akikataa mara ya kwanza, mpe siku chache umwambie tena, kwa upole. Akikataa mpaka Juni yenyewe, fuma sweta nyingine, kubwa kuliko ile, upande lori na Sahro uende. Mtoto ameshaanza kutembea, hawezi kungoja watu wazima wamalize aibu zao.

Shangazi Waruguru