Kikombe cha Mzee Obaid

Sur, 3 Oktoba 1998

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila unyevu wa Sur unanifanya niikumbuke Nizwa. Nakuandikia kwa sababu simu yenu iko sebuleni, na sebule ina masikio.

Bibi, nimeharibu. Unamkumbuka Ghassan, kaka wa mwalimu mwenzangu? Watu wake walikuwa wakijiandaa kuja kuniposa. Babu yake, Mzee Obaid, ni fundi wa majahazi aliyestaafu, na anaapa kwamba Wafoinike, wale mabaharia wa kale waliowapa Wayunani herufi, asili yao ni hapa. Eti ndio waliotoka wakaenda kuijenga Sur nyingine, ile ya Lebanon. Nami darasani nikawaambia wasichana kwamba wachimbaji wa mambo ya kale wanasema Wafoinike ni watu wa pwani ile ile ya Lebanon tangu mwanzo. Nusu ya darasa ni wajukuu zake! Kabla ya Alasiri habari ilishamfika. Tangu siku hiyo posa haitajwi.

Namtaka Ghassan, Bibi. Nakwambia wewe tu. Lakini kusema uwongo darasani siwezi.

Mjukuu wako,
Rawya


Nizwa, 12 Oktoba 1998

Mjukuu wangu Rawya,

Marahaba. Goti liko pale pale, linakusalimu. Baba yako Mahrous mzima, bado yuko gereji kule Firq anagombana na magari ya watu.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Wenzio posa zao huvunjika kwa mahari, yako inavunjika kwa watu waliokufa kabla ya Nabii Isa! Lakini sikiliza. Mimi nimezaliwa Ujiji. Tulipovuka bahari kuja hapa majirani wakatuita Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, na Unguja mimi nimeiona kwenye kalenda tu. Nilikasirika mpaka nikachoka. Mtu ukimgusa asili yake humuuma, hata kama amekosea yeye. Uwongo usiseme, lakini usijifiche pia. Nenda kamsalimie mzee.

Bibi yako


Sur, 27 Oktoba 1998

Bibi,

Shikamoo. Sijambo.

Nimekwenda. Kanipokea vizuri, kanilisha papa na wali, kanionesha mbao za jahazi alizozishona kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Kuhusu Wafoinike hakusema neno. Nilipoaga akasema tu, "Alkhamisi ijayo tutakuja kwenu." Kama ni posa au ni mashtaka, hata Ghassan hajui. Ikiwa posa, mila hainiruhusu kuwepo. Ikiwa mashtaka, sitaki kuwepo. Niandikie kila kitu.

Mjukuu wako,
Rawya


Nizwa, 6 Novemba 1998

Rawya mwanangu,

Sote wazima, ila baba yako hali chakula. Utaona kwa nini.

Wamekuja. Halwa ikaliwa, kahawa ikamiminwa. Mzee Obaid akapokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja. Unajua maana yake: mgeni ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe. Mimi niko nyuma ya mlango, nachungulia. Baba yako kwa furaha hakungoja kusikia. "Kunywa, mzee, ombi lako limepita!"

Mzee akasema, "Basi wasichana waambiwe darasani kwamba Wafoinike wametoka Sur."

Wallahi! Ghassan akawa mwekundu kama pilipili. Na neno la Mahrous limeshatoka, kulirudisha ni aibu. Nimesema tangu zamani, mwanangu huyu ulimi wake hutangulia masikio.

Nikasema pale pale mlangoni, "Mzee Obaid, Mahrous ametoa neno la Mahrous. La Rawya atalitoa Rawya." Hakunywa. Wakaondoka, kahawa imepoa. Kikombe kiko kwenye sinia, sijakiosha. Sasa ni wewe.

Bibi yako


Sur, 18 Novemba 1998

Bibi,

Shikamoo, na mwambie baba ale.

Nimemwalika Mzee Obaid darasani. Mwalimu mkuu alisitasita, kisha akakubali. Nikawaambia wasichana, "Leo mtaambiwa kwamba Wafoinike wametoka Sur, na atakayewaambia ni mtu anayeamini hivyo." Basi neno la baba limetimia, na langu halikuvunjika. Mzee alieleza kwa mikono yote miwili. Alipomaliza nikaongeza kwamba hata Myunani mmoja wa kale aliandika kuwa Wafoinike wenyewe walidai wametoka bahari za huku, lakini wachimbaji hawajaona dalili.

Msichana mmoja, mjukuu wake mwenyewe, akanyoosha mkono. "Babu, ushahidi uko wapi?"

Mzee akaishusha mikono yake. "Sina, binti yangu. Napenda tu iwe kweli."

Nilimpenda palepale, Bibi. Akanigeukia, "Na wewe mwalimu, kwenu wapi?" Nikasema: Nizwa, na Ujiji, na Unguja kwa kusingiziwa. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Anakuja tena Alkhamisi ijayo. Amesema baba safari hii amngoje amalize.

Mjukuu wako,
Rawya


Nizwa, 27 Novemba 1998

Rawya,

Marahaba. Hali zetu utaziona mwenyewe ukija, na uje upesi.

Jana Mzee Obaid kafika. Nimekiosha kikombe kile kile, nikamtilia kahawa. Kakiweka chini. Baba yako akafungua mdomo. Nikagonga mlango, akafunga mdomo. Mzee akasema alilokuja kusema, lote, na jina lako limo, pamoja na la Ghassan.

Kahawa haikuwahi kupoa.

Bibi yako