Kwa Masengo, aliyepika mizizi ya munkoyo

Masengo, mujukuu wangu,

Miezi tano haukanyage hapa Kolwezi. Hata malori ya shaba, yenye kuharibika na kulala pale Fungurume, mwisho yanafika. Wewe una miguu miwili na haubebe shaba.

Tantine yako, binti yangu anayeniandikia kwa sababu mi sikuonja masomo, amenisomea mesaje yako: umeanguka mutihani wa biokimia, unataka kuacha, na haya inakukataza kurudi nyumbani. Haya ya nani? Yangu? Mi sijafaulu kitu hata kimoja kwenye karatasi.

Nikauliza, "Ulizo gani ilimuangusha?"

"Joto inafanya nini enzimu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Masengo, na ile munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ya posa ya Tantine? Nilipika uji wa mahindi, nikakuambia: ngoja ipoe mpaka kidole kiingie na kivumilie, kisha tia mizizi. Wewe, mwezi moja tu mu masomo ya juu, ukanijibu mi bibi yako, "Kambo, joto inakimbiza kazi ya enzimu." Ukatupa mizizi mu sufuria inayochemka.

Kesho yake uji ulikuwa mzito vilevile. Baba mukwe wa Tantine aliinamisha kikombe, akangoja, hakuna kilichoshuka. Akaniuliza kwa heshima, "Mama, hii ni ya kunywa ao ya kujengea?"

Nikamwambia, "Tata, kwetu munkoyo ya posa tunakula na kijiko."

Mpaka leo bale bakwe banakuja hapa na bijiko byabo.

Ulilia nyuma ya nyumba. Kisha ukashika shanga za shingo yangu, ukanieleza. Wanga wa mahindi ni uzi wa shanga, kila shanga sukari. Enzimu ya muzizi inakatakata ule uzi, uji unalainika, unapata utamu. Na enzimu yenyewe ni protini iliyojikunja vizuri. Joto kali inaikunjua, kama ute wa yai unavyokuwa mweupe, na hairudi tena. Nilielewa. Miaka yote kidole changu kilijua, lakini ni wewe njo ulinipa sababu.

Sasa muntu mwenye kunifundisha mi, anashindwa mbele ya profesa? Akili yako haijatoka, Masengo. Uoga umekaa juu yake, kama mama munene kwenye kiti kidogo.

Mi sitafute docteur wa kuringia sokoni. Nakutafuta wewe. Nikipika nakuita kwa jina, na kuku njo inaitika.

Siku ya Posho, Jumamosi, panda basi. Leta karatasi ya mutihani ulioanguka, usiifiche. Tantine atasoma maulizo, na wewe utanijibu mi, moja kwa moja, mu jikoni. Mahali sitaelewa, njo pale utasoma tena mbele ya mutihani wa kurudilia.

Kambo yako