Kitabuni Hamna Bata

Alhamisi, 5 Februari 1987

Mashuka themanini leo, na moja lina wanja. Dobi wa hoteli hahitaji gazeti.

Baada ya alasiri nikaenda kwa Bi Rukia, kama Alhamisi zote. Wanawake uani, televisheni mlangoni, mimi kwenye daka la kuingilia, nyuma ya pazia, nimeachiwa upenyo wa kuonea kioo. Mimi ndiye mdomo wa vidio. Katuni ni ya Kijapani, imetiwa sauti za Kiitaliano, na mtaa huu mtu anayejua Kiitaliano cha zaidi ya kuuzia vinyago ni mimi peke yangu. Kaseti ziliachwa hotelini na mgeni, mwanawe Bi Rukia akamletea mamake.

Wasichojua ni kwamba kitabu ambamo katuni hiyo ilitolewa ninacho. Nilikiokota chumba cha kumi na nne, chini ya kitanda, kimelowa pembe. Nimekisoma kwa kamusi miezi minane. Nakijua kumshinda aliyekitupa.

Kitabuni: mji wa baridi. Mume kaenda kuwinda nyangumi. Mkewe, Elina, anangoja. Hajui kusoma, na mkuu wa posta ndiye anayemsomea barua. Kwenye katuni: yote hayo, na bata. Bata amevaa kofia. Bata anatoa mashauri.

Nikawaambia kitabuni hamna bata. Bi Rukia akajibu toka upande wa pili: "Wewe Bakari, tuambie bata kasema nini. Vya kitabu kavisome kwako."

Wakacheka. Sikupenda.

Ijumaa, 6 Februari

Sahani imekuja. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, imefunikwa kwa kawa jipya la ukili. Kila Ijumaa hutoka kwa Bi Khadija. Anayepika ni mkaza mwanawe, Mwanasha.

Niandike mara moja sababu ya sahani, nisiiandike tena.

Barua za mtaa hupitia sanduku la hoteli, na hotelini mimi ndiye ninayezichambua na kuwasomea wasiojua. Abdalla, mwanawe Bi Khadija, yuko Dubai mwaka wa tano. Barua yake ya mwezi wa nane ilikuwa mistari minane. Amemwacha Mwanasha, talaka moja. Eda ikisha yu huru. Asimngoje. Ameoa huko.

Nilianza kwa mama mtu. Macho yake yana ukungu, haoni zaidi ya kizingiti. Akasema: "Akiondoka huyu, nani atanishika mkono kwenda chooni? Msomee vingine, mwanangu."

Nikamsomea vingine. Mwanasha kakaa ukumbini, kichwa chini, nami namtolea salamu na subira na nyumba itakayojengwa. Nilisema vizuri. Vizuri kuliko Abdalla, ambaye hata nukta hajui pa kuiweka.

Kisha akaiomba karatasi. Kurani anaisoma, lakini herufi za Kizungu kwake ni nyayo za kuku. Nikampa. Ameiweka sandukuni pamoja na udi na asumini. Talaka yenye manukato. Nilicheka njia nzima.

Samaki leo alizidi chumvi kidogo.

Alhamisi, 12 Februari

Kaseti ya pili. Hasira mpaka sasa.

Mkuu wa posta wa kitabuni ni mwembamba, ana vidole vya baridi, na anamdanganya Elina miaka saba. Mume keshaandika kuwa harudi. Mkuu wa posta anamsomea kuwa anarudi. Kwa nini? Kwa bakuli la supu kila Jumapili. Hakuna sababu nyingine, na ndio uzuri wa kitabu. Mwandishi hakumtafutia udhuru.

Mjapani kamfanya babu. Masharubu meupe, mashavu mekundu, analia kabla hajafungua bahasha. Anasoma kilichoandikwa. Supu hamna. Elina mwenyewe, ambaye kitabuni ana pengo na harufu ya mafuta ya samaki, kapewa macho kama vikombe vya kahawa, na theluji haimgusi nywele.

Huu ni wizi. Ukichukua maneno ya mtu uyafikishe kama alivyoyasema. Kama huyawezi, yaache.

Uani walilia kwa raha. Mwanasha alikuwepo, najua kikohozi chake.

Jumatatu, 16 Februari

Bi Rukia kapita getini kazini kwangu. Anasema dada wa seremala mmoja wa Shela kamwendea Mwanasha na posa ya nduguye. Mwanasha kamjibu, "Mimi nina mume," akamkaribisha chai.

Ana miaka ishirini na sita. Mume wake ni mimi, kwa hesabu ya sauti.

Alhamisi, 19 Februari

Leo nimekitetea kitabu.

Babu wa masharubu alipofungua bahasha nikaacha Kiitaliano, nikamtilia maneno ya kitabuni. Mdomo unatabasamu, sauti inasema: "Mpumbavu huyu. Nimsomee nini leo, supu iwe na nyama?"

Uani kicheko. "Hee! Babu kageuka!" Bi Rukia: "Bakari, unatuchezea." Nikamwambia hapana, ndivyo ilivyo kitabuni, hawa wa katuni ndio waongo. Nikawapa yote. Miaka saba, supu, barua. Wakaacha kutazama kioo. Bata anasema peke yake, hakuna anayemsikiliza. Saa nzuri kama hii sijaipata.

"Kwa bakuli la supu tu?" mmoja akauliza. "Hata si pilau?" Wakaangua tena.

Kisha kikohozi. Mwanasha: "Kaka Bakari, na huyo mke alijuaje?"

Mtu mwenye akili angesema hakujua. Lakini hapo ndipo penye ustadi wote wa kitabu, na katuni wamepafuta. Nikamwambia. Elina hakujifunza kusoma. Alimpelekea mkuu wa posta barua ya zamani, akamtaka aisome tena. Karatasi haisahau, lakini mwongo husahau. Mara ya pili alisema mengine.

"Ahsante," akasema.

Nilijua ni nani anayeuliza. Nikaona utamu, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Hajui A wala B.

Ijumaa, 20 Februari

Sahani imekuja. Nyama, si samaki.

Jumapili, 22 Februari

Mwanasha kaniita. Ukumbini, Bi Khadija kitini, Mwanasha mkekani, karatasi mkononi. Inanukia.

"Nina hamu ya kuisikia tena, kaka. Ile ya mwezi wa nane."

Bi Khadija akageuza uso upande wangu. Macho hayaoni, lakini uso ulikuwa unaniangalia.

Nikasoma. Salamu. Subira. Nyumba. Niliweka vyumba vitatu na kisima. Mwongo wa kitabuni ni mjinga, mimi niliilinda mistari, nikaenda pole pole, hata mahali pa kupumua nikaweka. Nilipomaliza nikampa karatasi.

Hakuikunja. Akafumba macho akaisoma yeye, bila kuitazama. Barua yangu ya mwezi wa nane, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile ya chuo cha Kurani, haikosi neno. Vyumba viwili. Dirisha la buluu. "Nakuona kila nikifungua bomba." Hilo la bomba nilikuwa nimelisahau. Lilikuwa zuri.

Nilisahau pia kuwa mtu huyu ana juzuu kumi kifuani. Kwake kinachosomwa mara moja hakitoki.

"Sasa soma tena, kaka Bakari. Nataka kujua ni ipi."

Sikusoma. Nikasema miwani nimeiacha kazini. Sina miwani.

Bi Khadija akasema, "Mwanasha, mwanangu, chai." Mwanasha akaenda kupika chai. Tukanywa wote watatu. Ilikuwa na iliki.

Alhamisi, 26 Februari

Kaseti ya mwisho. Mume karudi, meli imepambwa bendera, bata anapiga ngoma. Kitabuni hakuna kurudi. Nikatafsiri kila kitu kama kilivyo, hata bata. Bi Rukia kasifu.

Kikohozi hakikuwepo.

Jumanne, 3 Machi

Mwanasha kaenda kwa Kadhi na karatasi. Karani kaisoma mara moja, sauti kavu, mistari minane. Bi Rukia ndiye aliyemsindikiza. Anasema Mwanasha aliuliza swali moja tu: eda imekwisha lini? Karani kahesabu kwa vidole. Ilikwisha zamani, wakati wa mvua za vuli. Miezi yote hiyo kashika mkono wa mama asiye wake, anampikia mwanamume asiyemhusu.

"Wewe," Bi Rukia kaniambia. Alhamisi nisiende tena.

Jumatano, 4 Machi

Nimepita kwa Bi Khadija. Shikamoo, nikasema. Alikuwa anatafuta kiatu kwa mguu, kiatu kiko mbali. Sikukisogeza mara moja. Nilitaka kwanza aseme kuwa lilikuwa wazo lake.

"Ulisoma vibaya," akasema.

Nikamsogezea kiatu nikatoka.

Jumapili, 8 Machi

Mwanasha kahamia kwa mamake, Mambrui. Sanduku moja. Watu wanasema seremala kaonekana huko, watu husema. Nampa miaka miwili atamchoka. Nimeandika hivyo kwa chuki, na naiacha.

Mashuka sitini. Moja nimeliunguza kwa pasi.

Ijumaa, 13 Machi

Sikutegemea chochote. Nilipika ugali wangu. Nikasikia hodi, nikafungua, hakuna mtu, na kizingitini sahani yenye kawa. Kawa lile lile.

Niliosha mikono. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilikwenda nikaosha mikono, nikatandika mkeka, nikakaa, ndipo nikafunua.

Sahani safi, imesuguliwa kwa majivu. Ndani karatasi imekunjwa mara nne. Udi bado unanukia.

Kitabuni Elina alimmwagia supu ya moto mapajani, na kurasa tatu zinafuata za kelele. Hapa pamebadilishwa. Sijui kama pamebadilishwa vibaya.

Nikaikunjua nikaisoma kwa sauti, mistari yote minane, kama Abdalla alivyoiandika, na nukta zake pasipo pake. Ni mara ya kwanza kuisoma ilivyo. Chumbani hamkuwa na mtu.

Kisha nikala ugali.