Kidole Kilichokufa Nusu

Mama yangu mpenzi,

Nimekaa kwenye benchi ya hospitali hapa Bomet, na kukaa kwenyewe kumenishinda. Nimesimama mara tatu, nimeenda hadi mlangoni, nimerudi. Askari ameniuliza kama natafuta choo. Chepng'eno, kitinda mimba wako, yuko ndani anapasuliwa kifundo cha mkono wa kulia. Nimeona afadhali nikuandikie, maana nikiendelea kuzunguka hivi watanifukuza.

Nianze na kile kidole. Unakumbuka ulivyotuonyesha pale jikoni, umeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto? "Kidole gumba, hii, na hii, zote zimelala," ulisema. "Na hii ya pete imekufa nusu. Nusu ya huku. Nusu ingine iko sawa tu." Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kidole inakufa nusu? Umeona wapi ng'ombe imekufa nusu?" Tukacheka sote, na wewe ukacheka, halafu kikombe kikakuponyoka. Tukacheka tena. Aki Mama, tulikuwa wajinga.

Halafu kulikuwa na kule kukung'uta. Unachuma chai kidogo, unasimama, unakung'uta mkono kama mtu aliyepandwa na siafu. Mama Moraa, jirani yetu aliyetoka Kisii, alikuwa anakuona kutoka shamba lake ng'ambo ya kijito, akidhani unamsalimia. Naye anapunga. Ukikung'uta tena, anapunga tena, na salamu ya "Chamgei!" juu, sauti ya kufika kiwandani Mogogosiek. Ulinikataza nisimwambie ukweli. "Wacha tu. Salamu haiharibu kitu," ulisema.

Na asubuhi, kabla hujavaa kikapu, ulikuwa unaniletea ule ukanda wa tyubu ya baiskeli. Wachumaji wote walijua dawa ya mkono uliochoka: unaufunga kifundoni, unakaza, mkono unapata nguvu. Kazi ya kukufunga ilikuwa yangu. "Kaza," unasema. Nakaza. "Kaza tena, Chelangat. Hii yako ni ya kufunga kuku." Basi navuta kwa meno mpaka mpira unalia, nawe unanishukuru, kongoi, unaenda zako shambani.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Nilikuwa nimepata ile kazi ya ukarani kwenye kituo cha kununulia chai, wiki ya pili, kichwa kimevimba kwa sababu ya koti jeupe. Zamu yako ikafika. Nikaingiza mkono kwenye kikapu chako nikatoa vijiti, majani magumu, jani la nne, la tano. Na sheria ni majani mawili na chipukizi, hata mtoto anajua. Mstari mzima ulikuwa unaniangalia uone kama nitampendelea mama yangu. Nikasema kwa sauti, ili wasikie: "Mama, hii ni chai ama ni chakula ya ng'ombe? Rudisha." Weh, watu walicheka. Ulijitwika kikapu ukarudi nacho nyumbani kwenye mvua, na jioni ukanipakulia ugali na maziwa ya mursik kama siku zote. Chepng'eno alikuwa nyuma yako kwenye ule mstari. Yeye hakula.

Kifua kilikuchukua mwaka uliofuata, na sikuwa nimekuomba msamaha. Nilikuwa nangoja siku nzuri. Siku nzuri, eti!

Niliacha ukarani, na chuoni ninakosomea fiziotherapia, kazi ya kutibu viungo, mwalimu alitufunulia mkono wa mzee mmoja aliyeacha mwili wake usomewe. Akatufuatisha neva moja, mshipa wa fahamu, kutoka shingoni. Inapita chini ya mtulinga, inaingia kwapani, inashuka ndani ya mkono ikiongozana na mshipa mkubwa wa damu, inavuka mbele ya kiwiko, mpaka kifundoni. Na pale kifundoni, Mama, kuna kijumba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, paa lake ni ukanda mweupe mgumu. Ndani zimebanana kano tisa zinazokunja vidole, na hiyo neva imo humo humo pamoja nazo, kama sisi siku ya mvua kwenye kibanda cha kupimia chai. Kano zikivimba kwa kuchuma, na kuchuma, na kuchuma, paa haliinuki. Anayeumia ni neva. Na vidole inavyovihudumia ni kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kile cha pete. Nusu, Mama! Nusu ile ile ya upande wa kidole gumba. Nusu iliyobaki ina neva yake nyingine, inayopita nje ya lile paa.

Nilitoka nje mbio. Wenzangu walidhani ni harufu. Vile vidole vilivyolala ndivyo vinavyochuma, Mama, ndivyo vinavyojua kijiti na chipukizi bila kuangalia. Wewe ulikuwa unavuta tu kwa kiganja, na vijiti vikaingia. Na mimi niliyekuwa nakaza lile paa kwa tyubu kila asubuhi, ndimi yule yule niliyekuaibisha mbele za watu.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani. Nikiwa bado njiani namwona Chepng'eno katikati ya chai, anakung'uta mkono. Na ng'ambo ya kijito, Mama Moraa, amezeeka siku hizi, anapunga. Niliacha njia nikapita katikati ya chai. Nilipomfikia nilikuta tyubu kifundoni, ile ile yako, na nyama ya kiganja chini ya kidole gumba imeanza kubonyea. Hiyo ni dalili ya kuchelewa.

"Leta mkono," nikamwambia.

"Ulirudisha kikapu ya mama," akasema. "Sasa unataka mkono yangu. Wewe bado ni karani."

Nikamweleza kano, nikamweleza neva, nikamwambia akingoja, huo mkono hautashika hata sindano. Alinigeuzia mgongo akaendelea kuchuma. Wiki tatu nzima alinikatia simu. Nami huku nasoma kitabu sioni maneno, namwona yeye tu akikung'uta.

Jumapili nilirudi, na sikumtajia neva. Nilimwambia nilikosa. Nilimwambia yote niliyopaswa kukwambia wewe: kwamba ule ukanda niliukaza mimi, na kikapu kile nilikirudisha ili nisifiwe na watu ambao hata majina yao siyakumbuki. Nililia nikapenga kamasi kwa leso yake. Nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke. Halafu akaweka mkono wake juu ya goti langu, tyubu bado kifundoni.

"Fungua," akasema.

Ngoja, daktari huyu ametoka. Anasema paa limekatwa, na neva imebonyea lakini iko. Kama hisi itarudi yote, au nusu, ni kungoja miezi. Na mimi kungoja siwezi, unanijua.

Chepng'eno naye huyu hapa, bendeji karibu ifike kiwiko, ila mdomo hawakuupiga ganzi. "Chai imekomaa kule. Sasa nani atachuma?" Nimemwambia nimeomba ruhusa chuoni, kesho kikapu nabeba mimi.

Ameangalia vidole vyangu hivi vya kalamu. "Wewe utachuma vijiti tu. Watarudisha."

"Wakirudisha nitabeba nirudi nyumbani."

"Na mvua?"

"Na mvua."

Halafu amesema basi atanisindikiza mpaka kituoni, na kwenye mstari atasimama nyuma yangu.

Pumzika, Mama. Naweka kalamu chini nimshike mkono ule mwingine, tushuke ngazi.

Binti yako, yule wa kukaza,
Chelangat