Kompyuta Imesahau Inakokaa

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, wateja wa kuhesabika.

Mwanangu Salma kanichekesha sasa hivi. Mzee aliyekuja kutoa kopi kamwuliza, "Mjukuu wangu, unakaa wapi?" Mtoto kajibu bila kufikiri, "Pongwe!" Pongwe ni kwa bibi yake, kakaa wiki moja tu. Nguvumali alikozaliwa na anakokaa kashaisahau.

"Pongwe kuna nini?" nikamwuliza.

"Kuna maandazi."

Nimecheka, halafu nikaitazama kompyuta kubwa. Nayo ndiyo tabia yake.

Hapa stesheneri kwa dada Ester, printa imeunganishwa na kompyuta kubwa. Ile kompyuta ndogo huipata kubwa kwa namba aliyoiweka fundi, ndiyo anuani yake. Sasa kubwa ikifanya apdeti, yaani ikijiboresha yenyewe, inazima, inawaka, namba imefutika, imejipa nyingine. Ndogo inaita, haiitikiwi, mpaka fundi aje airudishe namba. Wateja tunawaambia mtandao unasumbua.

Mtandao hauna kosa lolote.

Jumamosi dada Ester anakwenda Maramba kumuuguza mama yake, na hajui atarudi lini. Alisema atafunga duka. "Ikifanya apdeti nikiwa huko, utafanyaje? Utaililia?" Duka likifungwa, mimi na Salma tunarudi kukaa nyumbani bila kazi.

Kwa hiyo fundi alipokuja juzi nilimwambia, "Leo usiguse. Wewe sema, mimi nibonyeze."

"Mama Salma, hii siyo mwiko na sufuria."

"Kwani wewe ulizaliwa nayo?"

Dada Ester alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akasema, mimi nikabonyeza, nikafuta, nikarudia tena na tena. Niliishia darasa la saba. Maneno ya Kiingereza kwenye kioo nayajua kwa sura tu, kama ninavyowajua watu wa mtaani nisiowajua majina. Lakini sura sisahau.

Leo ujumbe wa apdeti umetokea tena. Siku zote tunauahirisha. Nikasema, "Dada, tuiache ifanye leo ukiwepo. Ikisahau, nitaikumbusha mimi. Nikishindwa, funga duka."

Kavuta kiti, kabonyeza. "Haya, mama. Tuone."

Sasa kile kiduara cha kwenye kioo kinazunguka. Dada Ester kakaa mbele yake, mimi niko mlangoni naandika kwa simu, mkono mmoja nimemshika Salma asikanyage maji. Napitia kichwani: wapi nafungua, wapi nafuta, wapi naandika.

Na huku namfundisha mwanangu.

"Unakaa wapi?"

"Pongwe."

"Wapi?"

"Nguvu... Nguvumali!"

Kumbe hakusahau. Alitaka kukumbushwa tu.

"Mama Salma! Imewaka! Njoo, ile ndogo haioni printa!"

Haya, ndiyo zamu yangu. Naanza na ile namba ya kompyuta kubwa; simu naiweka mfukoni.