Jaruba la mama mkwe

Ritha, kaa chini kwanza 😂

Unaijua ile bustani ya shimo ya Violeth pale Lipangalala, inayochuja maji ya mvua kutoka gereji ili oili chafu isifike mtoni? Leo wageni wa mradi wamekuja kuikagua. Wamekuta mpunga.

Mpunga, Ritha! Mama mkwe wake, yule aliyekuja juzi kutoka Mkula, kang'oa asubuhi matete yote yanayochuja ile oili, kapandikiza miche kwa mistari!!

Violeth akatamani kujificha chini ya gari bovu. Bibi anamfokea: "Shimo linatuamisha maji, wewe unafuga majani? Watu watakucheka!"

Mgeni mmoja akampa bibi shikamoo, akaeleza taratibu kwamba mpunga wa hapo utakuwa na oili, haufai kuliwa.

Bibi wala hakutikisika. "Basi mchele wake tutawapikia nyie mkirudi kukagua."